Teleocrater wa Ruhuhu: mnyama mpya hutambuliwaje?

Mwaka 2017 alitangazwa rasmi Teleocrater rhadinus, mtambaazi wa miguu minne, mrefu wa mita 2 hadi 3, aliyeishi kusini mwa Tanzania kabla ya dinosaria. Mtaalamu wa visukuku anajibu maswali yenu.

Swali: Mifupa yake ilipatikana lini?

Jibu: Mwaka 1933, Francis Rex Parrington alipochimba kwenye miamba ya Manda, bonde la Mto Ruhuhu. Mifupa ikapelekwa Uingereza. Katika miaka ya 1950 Alan Charig akaichambua na kumpa mnyama jina, ila hakuwahi kulichapisha rasmi. Alifariki mwaka 1997. Waliomtangaza mnyama huyo walilishika jina lile lile, na wakamwandika Charig miongoni mwa waandishi. Walimtendea haki.

Swali: Mbona ilichukua miaka zaidi ya 80?

Jibu: Kilikosekana kifundo cha mguu, mahali ambapo ukoo wa mamba na ule wa dinosaria na ndege hutofautishwa. Mwaka 2015 watafiti walirudi eneo lile wakapata mifupa zaidi, ukiwemo wa kisigino. Kumbe kifundo kilikuwa cha kimamba! Lakini fuvu, na alama za misuli kwenye mfupa wa paja, vilimweka upande wa ndege. Kwa hiyo tulichokiona kuwa alama ya mamba kilikuwa urithi wa zamani wa koo zote mbili. Kwangu mimi, hapo ndipo uzito wa ugunduzi huu ulipo.

Swali: Mnajuaje kuwa si mtoto wa spishi inayojulikana?

Jibu: Udogo peke yake hauthibitishi kitu. Tunakata kipande chembamba cha mfupa na kukisoma kwa hadubini. Tunaangalia pia kama sehemu za pingili za mgongo zimeshaungana, dalili ya kukomaa.

Swali: Mfupa mmoja unatosha?

Jibu: Ukiwa na sifa isiyoonekana kwingine, ndiyo. Hata hivyo Nyasasaurus, wa miamba hiyo hiyo, anajulikana kwa mfupa wa mkono na pingili chache, na bado haijaamuliwa kama ni dinosaria au ndugu yake wa karibu.

Swali: Nikiuona mfupa wa namna hiyo porini?

Jibu: Usiung'oe. Upige picha ukiweka kalamu kando yake ili ukubwa uonekane, kisha utoe taarifa kwa ofisi ya mambo ya kale. Ukishahamishwa, hatuwezi tena kujua ulitoka tabaka gani la mwamba.