Muundo na Muda wa Mtihani wa Kiswahili: Mlango wa Shule ya Biashara kwa Mtahiniwa wa Mkongani

Utangulizi

Nchini Kenya, anayetaka shahada ya biashara katika chuo kikuu cha umma hafanyi mtihani wa pekee wa kuingilia. Mtihani wake ni KCSE, ulioanza mwaka 1989. Sharti la kwanza ni wastani wa C+. Katika kundi la masomo ya biashara, Kiingereza au Kiswahili ni mojawapo ya masomo manne yanayopimwa. Tangu mwaka 2023, wastani huo hukokotolewa kwa Hisabati, lugha moja na masomo mengine matano bora. Kwa mwanafunzi wa Mkongani, Kwale, Kiswahili basi si somo la kujazia.

Karatasi tatu

Karatasi ya kwanza, Insha, ina alama 40 na muda wa saa 1 na dakika 45. Mtahiniwa huandika insha mbili, ya kwanza ikiwa ya lazima na yenye sura maalumu: barua, ripoti, kumbukumbu za mkutano, hotuba na kadhalika. Anayeikosea sura hupoteza alama hata kama lugha yake ni tamu. Dakika 10 za kupanga, 45 kwa kila insha na 5 za kusahihisha zinatosha.

Karatasi ya pili, Lugha, ina alama 80 kwa saa 2 na dakika 30. Alama zimegawanywa hivi: ufahamu 15, ufupisho 15, matumizi ya lugha 40, isimujamii 10. Tukitenga dakika 10 za kusahihisha, ufahamu na ufupisho hupata takriban dakika 26 kila kimoja, sarufi 70 na isimujamii 18. Wengi huzama katika ufahamu kwa sababu unasomeka kwa raha, ilhali nusu ya alama imo katika sarufi.

Karatasi ya tatu, Fasihi, pia ina alama 80 na muda uo huo. Maswali manne hujibiwa, kila moja alama 20: la kwanza ni la lazima, mengine huchaguliwa bila kurudia sehemu. Dakika 35 kwa kila swali huacha 10 za kusoma na kuchagua.

Yanayomhusu mwanafunzi wa Kwale

Kwanza, Kidigo na Kiswahili ni ndugu, na undugu huo hutega. Kiambishi ki- cha Kiswahili huwa chi- katika Kidigo. Wenyewe huiita lugha yao Chidigo. Mazoea kama hayo yasahihishwe mapema, maana huharibu tahajia katika karatasi zote.

Pili, pale vitabu teule vinapogawanwa na wengi, fasihi simulizi na ushairi havihitaji kitabu teule, navyo vyaweza kuleta alama 40 kati ya 80. Aliyelelewa na ngano na vitendawili vya nyumbani ana akiba; kilichobaki ni kujifunza istilahi zake.

Hitimisho

KCSE ya mwisho ya mfumo wa 8-4-4 ni ya mwaka 2027. Wanachama wetu warudipo likizo wawafanyishe wadogo zao karatasi kamili, saa ikiwa mezani. Ujuzi usioingia katika dakika zilizotolewa hautuzwi.