SOMO LA LEO: BIMA YA MAISHA NI NINI, NA ILITOKA WAPI?

Leo tuweke pembeni mambo ya picha na matangazo.

Mwenye duka la barabarani akifa, anaacha mzigo kwenye shelfu. Sisi wa mtandaoni duka liko kwenye simu, na wateja wanamfuata mtu. Ukiondoka, oda zinaondoka na wewe. Nyumbani inabaki kodi, ada ya watoto na madeni ya mzigo.

Hapo ndipo bima ya maisha inapoingia. Ni mkataba: unalipa ada kidogo kidogo, na ukifa ndani ya muda wa mkataba, kampuni inamlipa uliyemwandika (anaitwa mnufaika) kiasi mlichokubaliana.

Kama uko kwenye kikundi cha kufa na kuzikana, wazo unalo tayari. Hata Warumi walikuwa nalo. Mwaka 136, kikundi kimoja cha mji wa Lanuvium, Italia, kilichonga kanuni zake kwenye jiwe: kiingilio sarafu 100 na mtungi wa divai, halafu mchango wa kila mwezi. Mwanachama akifa, zinatoka sarafu 300 za mazishi. Aliyeacha kuchanga miezi mfululizo, hapati kitu.

Sasa njoo London, Juni 1583. Wafanyabiashara waliweka bima ya maisha ya William Gybbons kwa miezi 12, zaidi ya pauni 380. Akafariki Mei 1584. Wakagoma kulipa! Eti mwezi ni siku 28, kwa hiyo miezi 12 ilishakwisha. Kesi ikaenda mahakamani, na wakaamriwa walipe.

Baadaye mambo yakanyooka. Kampuni ya Equitable, iliyoanzishwa London mwaka 1762, ilipanga ada kwa kuangalia umri wa mtu. Mwaka 1774 Uingereza ikatunga sheria ya kuzuia watu kukatia bima maisha ya mtu asiyewahusu, maana walishaifanya kamari.

Mimi nimeishia form four, haya nimejisomea mwenyewe. Ninachokichukua kwa ajili yetu ni hiki:

1. Soma mkataba kabla ya kusaini. Unaanza lini, unaisha lini, kifo gani hakilipwi? Usipoelewa neno, uliza.

2. Bima ya mkopo ni kitu kingine. Mara nyingi inamlipa aliyekukopesha deni lililobaki. Familia inapona deni, lakini hela ya kula haiioni.

3. Chagua ada unayoiweza hata mwezi ambao oda zimekata. Ukiacha kulipa, bima inaweza kufa kabla yako, kama kwa wale wa Lanuvium.

4. Mwambie mnufaika wako kwamba bima ipo na hati iko wapi. Asipojua, nani ataenda kudai?

5. Hakikisha kampuni au wakala amesajiliwa. Kwa Tanzania wasimamizi ni TIRA, Kenya ni IRA. Usitume hela kwenye namba binafsi ya mtu.

Kama huna wanaokutegemea wala deni, anza na akiba, bima itakuja. Ila kama kuna mtoto anasoma kwa hela ya oda zako, lizungumzeni nyumbani wiki hii.

Una swali? Dondosha hapo chini tusaidiane.