Somo: Kuunga na Kuondoa Diski ya Nje katika Kompyuta Inayofanya Kazi

Wafanyakazi wa Serikali walioko Kojani, pamoja na wakaazi wote wanaotumia kompyuta, wanakumbushwa kuwa diski ya nje haichomolewi kabla ya kompyuta kutoa idhini. Daftari la wakaazi wa shehia, orodha ya wanafunzi wa skuli au hesabu za ushirika wa wavuvi huweza kupotea kwa kitendo cha sekunde moja.

Sababu yake ni hii. Kompyuta inapoamriwa kunakili faili, haiandiki yote papo hapo. Sehemu huwekwa kwanza katika kumbukumbu ya muda, kisha hupelekwa katika diski. Hivyo kioo huweza kuonesha kuwa kazi imekwisha ilhali mzigo haujateremka wote. Wakojani, wanaojulikana katika mwambao kwa safari zao za dago, hawasukumi chombo majini kabla mzigo wa mwisho haujafika ufukweni. Aidha, diski huwa na orodha yake ya ndani inayoonesha kila faili lilipo. Ikikatizwa wakati orodha hiyo inaandikwa, diski nzima huweza kutosomeka.

Wakati wa kuunga:

(a) Diski iwekwe juu ya meza iliyo sawa, mbali na ukingo na maji. Nyingi zina sahani zinazozunguka mara 5,400 kwa dakika. Zikitikiswa huweza kukwaruzika.

(b) Waya uchomekwe katika tundu la kompyuta yenyewe. Tundu la USB 2.0 hutoa miliampea 500 na la USB 3.0 hutoa 900. Tundu linalogawanywa kwa vifaa vingi huweza kuipa diski umeme hafifu.

(c) Iwapo kompyuta itataka kuiandaa upya diski yenye kumbukumbu, ombi hilo likataliwe, kwani kukubali ni kufuta.

Wakati wa kuondoa:

(a) Mafaili yote yaliyofunguliwa kutoka katika diski yafungwe.

(b) Katika Windows, ibonyezwe alama ya kuondoa kifaa iliyo pembe ya chini ya kulia ya kioo, kisha usubiriwe ujumbe wa ruhusa.

(c) Ikielezwa kuwa diski bado inatumika, isilazimishwe. Programu zifungwe, ikishindikana, kompyuta izimwe kwanza.

(d) Baada ya kuchomoa, diski iachwe kidogo hadi sahani zisimame, ndipo ibebwe.

Tangu mwaka 2018, matoleo mapya ya Windows 10 yamepangwa kupunguza maandishi yanayosubiri katika kumbukumbu ya muda. Hata hivyo mpango huo huweza kubadilishwa na mtumiaji, na faili linalonakiliwa bado hukatika diski ikichomolewa.

Umeme unaokatika ghafla wakati wa kunakili huleta hasara ile ile. Waya wa chini ya bahari kutoka Tanga umeleta umeme Pemba tangu mwaka 2010, lakini hakuna waya unaoondoa haja ya tahadhari. Umeme ukirudi, nakala ifunguliwe na kukaguliwa kabla ya kufuta asili.

Kila mkuu wa ofisi anaombwa kuhakikisha kuwa kumbukumbu muhimu zina nakala ya pili, nayo ihifadhiwe katika jengo jengine. Kusubiri kidogo ni kazi nyepesi kuliko kuandika upya daftari la shehia nzima, nyumba kwa nyumba.