Moto wa Kuchomelea Huuma Usiku

Tope jeusi la mbugani unalijua. Mvua ikinyesha, hata trekta huzama. Kwa hiyo mwenye trekta hutafuta winchi kuukuu, akaifunga mbele ili trekta ijivute kwa waya. Lakini winchi haifungwi hewani. Inataka kitako cha chuma. Fundi hukata mabomba, huyapanga, kisha huyachomelea kwa umeme.

Kuchomelea sitakufundisha, hiyo ni kazi ya fundi. Mimi ni mganga msaidizi wa zahanati. Nitakueleza yanayonifikia mimi baada ya kazi hiyo.

Kule nilikoanzia kazi alikuja kijana mmoja asubuhi. Siku iliyotangulia alikuwa amechomelea kitako cha winchi ndani ya kibanda. Usiku alitetemeka kwa baridi, akapata homa, viungo vikamwuma. Mdomoni alisikia ladha kama amelamba sarafu. Nilimpima malaria, hakuwa nayo. Hata hivyo nilimpa dawa ya malaria, maana homa yoyote tumezoea kuiita malaria. Sikumwuliza amefanya kazi gani. Kesho yake alipona, akaisifu dawa yangu. Mwezi uliofuata alichomelea tena, na usiku ule ule akaugua tena. Ndipo nilipomwuliza.

Alikuwa ametumia mabomba ya maji, yale yanayong'aa kama bati jipya. Mabomba hayo yamepakwa madini ya zinki ili yasishike kutu. Chuma huyeyuka kwenye joto la nyuzi 1,500 hivi. Zinki huchemka kwenye nyuzi 900 tu. Basi chuma kabla hakijayeyuka, zinki imekwisha kuwa moshi mweupe. Ukiuvuta moshi huo, homa huja baada ya saa 4 hadi 10, yaani jioni au usiku. Mara nyingi huisha yenyewe kwa siku moja au mbili. Dawa yangu haikumponya yule kijana. Alipona mwenyewe.

Wako mafundi wanaokunywa maziwa ili yaondoe moshi kifuani. Maziwa ni chakula kizuri, lakini huenda tumboni. Hayafiki kwenye mapafu. Ni afadhali kuchagua bomba jeusi lisilo na zinki. Kama huna, kwangua zinki upana wa vidole vinne kila upande wa mahali pa kuunga. Unapokwangua, ziba pua na mdomo, vaa na miwani. Chomelea nje ya nyumba, upepo upite ubavuni mwako, wala usiinamie moshi.

Lakini usije ukasema, "Hii ni homa ya bomba," ukalala nyumbani. Malaria bado ipo huku kwetu na inaua. Njoo upimwe, na useme ulichomelea nini. Ukibanwa kifua, au pumzi ikiwa fupi, usingoje hata kuche.

Sasa macho. Wazee huniambia, "Mwanangu, Warongo walifua majembe yetu miaka mingi, mbona hawakuogopa moto?" Ni kweli walifua. Lakini moto wao ulikuwa wa makaa. Mwanga wa umeme una miale mikali tusiyoiona, ya namna ile iliyomo katika jua. Miale hiyo huunguza ngozi nyembamba iliyo mbele ya jicho. Wakati huo husikii kitu. Baada ya saa 6 hadi 12 unaamka usiku, macho yote mawili yanauma kama yamejaa mchanga, na machozi yanatiririka.

Fundi akiwa na kioo chake cheusi, huenda akalala salama. Anayelia usiku ni yule aliyemshikia bomba, au watoto waliosimama kutazama cheche. Miwani ya jua haitoshi. Kwa umeme kinatakiwa kioo cha kuchomelea namba 10 au 11, na msaidizi awe nacho pia. Zungusha turubai au mabati ili wapita njia wasiuone mwanga.

Macho yakiuma, usiyasugue. Usitie mkojo, wala maziwa ya mama, wala maji ya majani. Hivyo huingiza vijidudu. Weka kitambaa safi kilicholowa maji baridi juu ya macho yaliyofumbwa, kaa gizani, kisha njoo zahanati. Kwa kawaida hupona kwa siku moja au mbili. Kama linauma jicho moja tu, huenda ni chembe ya chuma iliyoruka wakati wa kugonga au kusaga. Usijaribu kuitoa kwa kijiti. Nenda upesi, maana chembe inaweza kukupofusha.

Liko jambo moja lisilongoja usiku. Bomba lililozibwa pande zote mbili likiwa na maji au mafuta ndani, hupasuka likichomwa. Maji hugeuka mvuke, na mvuke hukosa njia. Fundi atoboe tundu kwanza. Pipa la dizeli au petroli, hata likiwa tupu, lisichomelewe kabisa.

Yule kijana sasa huchomelea nje, chini ya mwembe. Juzi alinipitia na mdogo wake, aliyefumba macho kwa kitambaa. Alikuwa ameshika bomba, bila kioo.