Kufunga Mshipi wa Kuvulia Chini

Wanachama wenzangu, changu na tewa hukaa karibu na miamba, kwa hivyo mshipi wako sharti ufike chini. Taabu ni kwamba huko huko chini ndiko chubwi hunasa. (Chubwi ni kile kipande cha risasi kinachozamisha mshipi.) Mimi, mtoto wa pwani, hufunga hivi.

Kwanza, funga kitanzi kidogo mwisho wa mshipi. Pili, pima shibiri mbili juu yake, ufunge kitanzi kingine kinachotokeza kando. Hapo utafunga ndoana kwa kipande cha mshipi cha shibiri moja. Lowesha kila fundo kwa mate kabla ya kulikaza, maana nailoni ikisuguana kavu hupata joto ikadhoofika.

Tatu, na hili ndilo kubwa: chubwi lifunge kwenye kile kitanzi cha mwisho kwa uzi ulio dhaifu kuliko mshipi. Likinasa, wewe vuta tu! Uzi utakatika, nawe utabaki na mshipi, ndoana na pengine samaki wako. Bila hivyo mshipi wenyewe utakatika, na nailoni ikiachwa mwambani haiozi upesi. Huendelea kunasa samaki na kasa.

Chambo je? Kamba au ngisi. Haya, kazi kwenu!