Jiko la Gesi: Povu Kwanza, Kiberiti Baadaye



Siku hizi majiko ya gesi yamefika hata vijijini. Mwaka 2024 serikali ya Tanzania ilitoa mkakati wa nishati safi ya kupikia. Lengo lake ni kwamba ifikapo mwaka 2034, watu 80 katika kila 100 wawe wanatumia nishati hiyo. Gesi ni mojawapo. Huokoa misitu, na hutuondolea moshi wa kuni. Lakini gesi isiyotunzwa yaweza kuunguza nyumba. Leo tujifunze kuunga na kutunza jiko la mtungi mdogo wa kilo 6.

Kununua

Sasa unajua kusoma. Basi, soma mtungi wako. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa juu yake. Ongeza kilo 6. Jumla hiyo ndiyo uzito wa mtungi uliojaa. Mwombe muuzaji aupime mbele yako. Tazama pia kifuniko cha mdomo wa mtungi. Kama kimekwisha funguliwa, usiupokee.

Kuunga

1. Simamisha mtungi wima, mahali tambarare penye hewa, mbali na moto wa mafiga.
2. Ondoa kifuniko. Mahali jiko linapoingia kwenye mtungi pana mpira mdogo wa duara. Hakikisha haujapasuka.
3. Funga koki ya jiko. Kisha zungusha jiko kuelekea kulia mpaka likaze. Tumia mkono tu. Spana itaharibu mpira.
4. Weka chuma cha kukalishia sufuria. Kisiyumbe.

Kupima

Usiwashe bado! Koroga sabuni kwa maji mpaka itoe povu. Paka povu kwenye maungio yote. Povu likitulia, ni salama. Likivimba na kutoa mapovu mapya, gesi inavuja.

Mimi mwenyewe nilipoleta jiko langu nyumbani, povu lilivimba. Mke wangu alikuwa tayari ameshika kiberiti. Nililifungua jiko, nikakuta mpira umepasuka. Mpira ule ni mdogo kama pete, lakini ungeweza kututia msibani. Nilinunua mwingine, nikapima tena.

Usipime kamwe kwa moto. Kama gesi bado inavuja, peleka mtungi nje penye uwazi, mbali na moto. Mwite muuzaji.

Kuwasha na kutunza

Washa kijiti kwanza, kisha fungua koki polepole. Ukianza na koki, gesi hukusanyika na kulipuka usoni pako.

Moto mzuri ni wa buluu. Ukiwa wa manjano na kutia sufuria masizi, matundu ya jiko yameziba. Subiri jiko lipoe, ulisugue kwa brashi kavu. Usitoboe matundu kwa msumari. Ukimaliza kupika, funga koki. Pima kwa povu kila unapobadilisha mtungi. Usiulaze mtungi, wala usiuweke chumba cha kulala.

Ukisikia harufu

Gesi ya kupikia haina harufu yake yenyewe. Hutiwa harufu mbaya, kama ya yai viza, ili tuitambue inapovuja. Tena ni nzito kuliko hewa. Haipandi juu kama moshi. Hutambaa sakafuni mpaka ikutane na moto.

Kwa hiyo, ukisikia harufu hiyo, funga koki. Usiwashe kiberiti. Usiguse swichi ya taa, hata kwa kuizima. Fungua milango na madirisha. Toka nje pamoja na watoto.

Maswali

1. Mtungi mtupu una kilo 7 na nusu. Ukijazwa gesi kilo 6, mizani itasoma ngapi?
2. Kwa nini tunawasha kijiti kabla ya kufungua koki?
3. Mtoto wako yuko peke yake nyumbani, akasikia harufu ya yai viza jikoni. Je, umemfundisha la kufanya? Jadilini darasani, kisha mkawafundishe watoto leo hii.