Mtoto wa miaka mitatu hasemi: aanzie kwa nani?

SWALI: Mzazi wa Kisongo, Arusha, ana mtoto wa miaka 3 asiyeunganisha hata maneno mawili. Majirani wanamwambia avute subira. Aende wapi?

JIBU: Asingoje. Kwa kawaida mtoto wa miaka 2 huunganisha maneno mawili, kama "mama njoo".

Hatua ya kwanza ni kituo cha afya cha karibu, akiwa na kadi ya kliniki ya mtoto, kisha rufaa ya kwenda Hospitali ya Mount Meru, mjini Arusha. Masikio yapimwe mapema, kwa kuwa asiyesikia vizuri huchelewa kusema.

Baada ya hapo kila mtaalamu ana kazi yake. Daktari wa watoto hutafuta chanzo, kikiwemo usonji au mtindio wa ubongo. Mfiziotherapia hushughulikia misuli na mwendo. Mtoa tiba kwa vitendo humfundisha mtoto kula, kuvaa na kucheza. Mtaalamu wa usemi hushughulikia lugha, na hata kumeza. Wataalamu wa usemi ni wachache nchini.

Hospitali ya KCMC ya Moshi hutibu na pia hufundisha watoa tiba kwa vitendo. Kwa upande wa shule, Chuo cha Patandi, wilayani Meru, huandaa walimu wa elimu maalumu.